Nilivyojaza ukumbi kwa filamu za Kicheki hapa Leeds, baada ya kuanza na watu 11

Nianze na aibu yangu kabisa. Jumanne ya kwanza, Septemba 2024, ukumbi wa viti 62, waliokuja ni 11, na katika hao 11 mmoja mke wangu, wawili majirani niliowaingiza bure, kwa hiyo waliolipa ni 8. Tiketi pauni 7. Haki za kuonyesha filamu nilikubaliana pauni 150 au asilimia 35 ya mauzo, inachukuliwa iliyo kubwa, sasa piga mwenyewe. Pauni 56 mkononi, nadaiwa 150, na hapo sijagusa kodi ya ukumbi.

Watu huwa wananiuliza mtoto wa Tanga umeingiaje huko. Nilisoma Ucheki. Mwaka wa kwanza nilikuwa Poděbrady, chuo cha lugha kiko ndani ya kasri la zamani pembeni ya mto, mwalimu anatusimamisha mmoja mmoja tutamke 333 kwa Kicheki, tři sta třicet tři, hiyo r yenye kofia juu ni kama unatamka r na zh kwa pigo moja, mimi ilinichukua mpaka Machi. Baadaye nikaenda Brno miaka mingine minne na kule ndio nikanogewa na sinema zao, maana kipindi cha baridi ukitoka chuo saa kumi jioni giza tayari, utaenda wapi kama sio sinema. Nilivyohamia Leeds kikazi nikaikumbuka ile hali. London kuna tamasha lao la kila mwaka linaitwa Made in Prague, zuri tu, ila treni ni zaidi ya saa mbili kwenda na kesho yake una shifti. Basi nikaiendea sinema moja ndogo ya jumuiya hapa mtaani nikawaambia nipeni ile Jumanne yenu iliyokufa, mara moja kwa mwezi. Wakanipa haraka mpaka nikashtuka.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua filamu kwa sifa. Nikaweka Nabarvené ptáče ya Václav Marhoul, ya 2019, ilishindania tuzo kwenye tamasha la filamu la Venice, nikajua hapa nimemaliza mchezo. Jamani. Dakika 169, nyeusi na nyeupe, mtoto anateswa vijiji na vijiji wakati wa vita vya pili, hata kule Venice kuna watu waliinuka wakatoka. Na kituko chenyewe ni kwamba Wacheki watatu niliowapata walikuja kusikia lugha ya kwao, halafu wanavijiji kwenye filamu wanaongea lugha ya kutengenezwa, mchanganyiko wa lugha za Kislavoni, mwongozaji alifanya makusudi ili lile baya lisibandikwe kwa taifa moja. Mmoja akaniambia mlangoni, kwa Kicheki, nimelipa pauni 7 kusoma maandishi kama nyie. Wanne waliondoka kabla ya nusu. Bado naamini ni filamu kubwa, ila ya kufungulia mlango sio hiyo.

Wabongo wenzangu nao nilikuwa nao kwenye grupu la WhatsApp, nikarusha bango, wa kwanza kujibu akauliza "imetafsiriwa na nani?" Sisi tumekulia muvi za kutafsiriwa, DJ anaongea juu ya sauti mpaka anaongeza na yake ya mtaani. Nikamwambia hakuna DJ kaka, hii ni ya kusoma chini. Akajibu basi mimi nitasinzia. Hakuja.

Oktoba nikaweka komedi, wakaja 17. Sio mbaya, ila hasara palepale.

Novemba ndio nilipata akili. Nilikuwa nimepanga Zátopek ya David Ondříček, ya 2021, habari ya mkimbiaji Emil Zátopek, na nilikuwa naandika bango kama kawaida, "filamu mpya kutoka Ucheki", mke wangu akaangalia akasema sasa nani ameamka leo asubuhi anatamani filamu kutoka Ucheki? Ameamka anatamani nini basi, nikamuuliza. Akasema waulize wanaokimbia. Nikafuta bango lote nikaandika juu kwa herufi kubwa: ALISHINDA MITA 10,000, MITA 5,000 NA MARATHONI NDANI YA SIKU NANE, NA MARATHONI HIYO ILIKUWA YA KWANZA MAISHANI MWAKE. Ndio Helsinki 1952 hiyo, hajatokea mwingine mpaka leo. Neno Ucheki nikaliweka chini kabisa karibu na bei. Jumamosi saa tatu asubuhi nikaenda bustani ya Woodhouse Moor wanapokimbia parkrun, zile mbio za bure za kila Jumamosi, nimevaa koti zito wenzangu wamevaa bukta, nikagawa vipeperushi kwa watu wanaohema.

Tiketi zikaisha Jumapili. 62. Sijawahi kuona. Mauzo pauni 434, asilimia 35 ni kama 152, yaani kwa mara ya kwanza asilimia ikaipita ile 150, na mimi nikafurahi kulipa zaidi kama mjinga.

Halafu usiku ule kuna mzee mmoja wa Eldoret, anaishi Bradford, alikuja na mwanawe. Filamu inaanza na Ron Clarke, yule Mwaustralia mwenye rekodi kibao asiye na dhahabu ya Olimpiki, anamfuata Zátopek amfundishe siri kabla ya Mexico 1968. Ikaisha, taa zikawashwa, nikauliza kuna mwenye neno, kimya cha Kiingereza kile. Mzee akanyanyuka taratibu na kofia mkononi, akasema kijana wangu, filamu nzuri, ila hamjawaambia watu huko Mexico mita 10,000 alichukua nani. Naftali Temu! Wa kwetu! Huyo Clarke alianguka kwenye mstari anapewa oksijeni. Ukumbi ukacheka, wakimbiaji wakaanza kuulizana mambo ya mwinuko na mapafu, tukatolewa na mlinzi saa tano kasoro. Tangu siku hiyo najua kazi yangu kabla ya kila filamu ni kutafuta nani hapa mjini ana jambo lake ndani ya hii hadithi, nimfuate huko aliko.

Sasa niseme ya kiufundi kidogo maana kuna watu huwa wananiuliza inbox. Kila filamu ina mwenye haki na sio lazima awe Prague, mimi nilipoteza wiki tatu namwandikia prodyuza barua tamu za Kicheki kumbe haki za Uingereza alishaziuza, kwa hiyo anza kuuliza kama kuna msambazaji wa hapa, kama hakuna ndio unamtafuta wakala wa mauzo ya nje. Usidanganyike kwamba una DVD yako, hiyo ni ya sebuleni. Kama filamu haijapangiwa umri na BBFC, bodi ya Uingereza inayosema filamu ni ya watu wa umri gani, inabidi halmashauri ya mji iipangie, sinema yenyewe itakusaidia ila waambie mapema. Na faili likija, tunaita DCP, mara nyingi zaidi ya gigabaiti 100, soma jina lake refu lile kama namba ya chesisi: ukiona CS-EN ni sauti ya Kicheki na maandishi ya Kiingereza, ukiona CS-XX hamna maandishi, rudi kwa aliyekutumia kabla hujauza tiketi hata moja.

Lililonitoa jasho ni ufunguo. Februari tulikuwa na Vlny ya Jiří Mádl, ya 2024, habari ya watangazaji wa redio ya taifa mwaka 1968, Agosti ile vifaru vya Warusi vilipoingia nchini, ilikuwa imetoka kuingia kwenye ile orodha ya filamu 15 zinazochujwa kugombea Oscar ya filamu za kigeni, kwa hiyo watu 70 wamenunua. Meneja akanihamishia ukumbi mkubwa wa viti 120. Nikatamba. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba DCP nyingi zimefungwa, na ufunguo wake unatengenezwa kwa ajili ya seva moja tu, yaani mashine inayochezesha filamu ya ukumbi fulani, na kwa siku na saa fulani, mimi wangu nimeuomba kwa seva ya ukumbi mdogo. Saa moja kamili usiku fundi anabonyeza, skrini inamwambia hapana. Anabonyeza tena, hapana. Ukumbi mdogo kuna filamu nyingine inaendelea, na hata kama ungekuwa mtupu 70 hawaingii kwenye 62.

Nikapiga namba iliyokuwa chini ya imeili ya wakala, Prague ni saa mbili usiku, akapokea dada mmoja nasikia vijiko na sahani, nikamweleza kwa Kicheki cha kutetemeka, akasema nitumie cheti cha seva mpya nakuamshia maabara inayotengeneza funguo. Fundi akaenda kukitafuta. Mimi nikarudi mbele ya watu 70 nikiwa sina la kusema, nikasema ukweli, nimekosea mimi, tusubiri.

Mama mmoja Mcheki, rika la mama yangu, huwa anakuja na keki ya bábovka kwenye mfuko wa Tesco, akanyoosha mkono akauliza naweza kuongea? Akasema Agosti ile alikuwa na miaka tisa, kijiji karibu na Olomouc. Baba yake alitoa redio nje akaiweka dirishani iangalie barabarani ili majirani wasikie, akageuza sauti mpaka mwisho, na watangazaji ni hao hao tunaotaka kuwaona leo. Kisha baba akachukua spana akaenda njia panda, akafungua kile kibao cha jina la kijiji akaja nacho nyumbani, maana watu nchi nzima walikuwa wanang'oa vibao ili vifaru vya Warusi vipotee. Kibao kikakaa miaka nyuma ya kabati, akasema, na mama alikuwa anakitumia kusukumia unga. Hapo akacheka peke yake. Hakuna aliyeangalia simu, na hao ni watu waliokaa dakika 50 bila filamu.

Saa mbili kasoro dakika nane imeili ikaingia. Kafaili ka kilobaiti chache tu, ndiko kalikokuwa kameshikilia ule mzigo wote. Filamu ilipofika kwenye vurugu za nje ya jengo la redio nilimwangalia yule mama, alikuwa ameshika mfuko wa Tesco kwa mikono miwili.

Siku hizi mazungumzo nayaweka kabla ya filamu, dakika 20, mtu mmoja mwenye lake, sio mtaalamu. Wengine hawajui kunyamaza, hiyo shida ipo. Nje mezani tunaweka sambusa za mke wangu na zile chlebíčky za Kicheki, mkate wenye saladi ya viazi juu, na sambusa ndio zinaisha kwanza. Yule kaka wa "imetafsiriwa na nani" amekuja mara mbili, ya kwanza alisinzia kweli. Ya mwezi huu DCP imeshafika, ni CS-EN, nimeihakiki kwa macho yangu, na ufunguo nimeuomba wa kumbi zote mbili.