Siku moja na akina mama wajawazito wa kliniki ya methadoni

Saa kumi na moja alfajiri

Methadoni hunywewa kila siku, kwa hiyo dirisha letu la dawa hufunguliwa kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Leo ni Alhamisi ya kawaida. Napanda matatu Githurai, nashuka Pangani kungali giza, na kutoka hapo natembea. Mimi ni nesi na mkunga. Nafanya kazi katika mojawapo ya kliniki za MAT (matibabu ya uraibu kwa kutumia dawa) za Nairobi, zile zinazowatibu watu walionaswa na heroini kwa kuwapa methadoni badala yake. Huduma hii ilianza nchini mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, kisha ikafika Ngara na miji ya Pwani. Wagonjwa wetu wengi ni wanaume. Wanawake ni wachache, na wenye mimba kati yao ndio niliokabidhiwa.

Saa kumi na mbili na nusu

Langoni watu wameshafika. Kwetu mwenye mimba hapangi foleni. Anaingia, anakaa, anakunywa uji au kula mkate aliokuja nao, ndipo anaitwa dirishani. Huo si upendeleo. Tumbo tupu la mimba changa halistahimili dawa chungu, na dozi ikitapikwa siku nzima imeharibika. Tena nje ya lango wapo wauza unga, yaani heroini, wanaozijua saa zetu vizuri sana. Mwanamke mwenye arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, akisimamishwa pale kwa muda mrefu, ni sisi tutakaokuwa tumempeleka kwao.

Saa moja

Mfamasia anapima, anachanganya na maji, mama anakunywa mbele yetu kisha anasema maneno mawili matatu ili tujue amemeza. Kabla kikombe hakijatolewa nimeshamtazama macho, mwendo na usemi. Aliyekunywa chang'aa au kumeza bugizi, vidonge vya kulewesha, hapewi dozi mpaka daktari amwone. Vitu hivyo vikikutana na methadoni huzima pumzi, na mama akikosa hewa, aliye tumboni naye amekosa.

Wa kwanza leo ana mimba ya wiki kumi na anatapika kila asubuhi. Namwambia anywe kwa mafunda madogo madogo bila haraka, kisha namkalisha karibu nami. Akitapika, nimeona mwenyewe, na daktari ndiye atakayeamua kama ataongezewa na kwa kiasi gani. Kujiongezea mwenyewe, au kununua kete ya unga ya kuziba pengo, ndiko kunakoua watu.

Ananiuliza atajuaje kama ni mimba au ni arosto, kwa sababu zote mbili zinampindua tumbo. Swali zuri. Kichefuchefu cha mimba mara nyingi huja peke yake. Arosto huja na wenzake: miayo isiyokwisha, makamasi na machozi, jasho, vinyweleo kusimama, mifupa kuuma, miguu isiyotulia kitandani. Akiyaona hayo aje aseme, asisubiri.

Yeye hakujua kama ana mimba mpaka juzi. Hilo nakutana nalo sana. Unga huvuruga hedhi, na wengi huja hapa wakiamini kwamba hawashiki mimba tena. Wakitulia kwenye methadoni mwili unazinduka, na mtu anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata moja. Ndiyo maana habari za uzazi wa mpango nazianzisha siku ya kwanza kabisa, hata kwa anayeniangalia kana kwamba namtania.

Saa mbili na nusu

Mama wa wiki 32 anaingia chumbani kwangu na kufunga mlango. Kwa sauti ya chini anasema kwamba tangu wiki iliyopita anaamka saa tisa usiku akitokwa na jasho, na mtoto anarukaruka tumboni. Hajagusa unga. Kilichomchelewesha kusema ni aibu: alidhani tutaona anarudi nyuma, kwani mtu anayepona huombaje dozi kubwa zaidi?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo namweleza polepole. Mimba inapokua, damu na maji mwilini huongezeka, na ini huivunja methadoni haraka kuliko awali. Kiasi kilekile kilichomtosha Januari hakimfikishi alfajiri sasa. Uraibu wake haujaongezeka. Ni mwili wake uliobadilika. Daktari anaweza kumpandishia dozi, au kuigawa mara mbili, asubuhi na alasiri, ili isipande sana wala kushuka sana. Kugawa kunamsaidia mtoto pia, ila kunataka nauli ya pili, na nauli kwa mtu anayefua nguo za watu Eastleigh si kitu kidogo. Tunakubaliana kwamba ataanza na kupandishiwa, na tutazungumza tena Jumatatu.

Saa nne

Mama mkwe wake alikuwa nje muda wote huo. Ametoka Kariobangi, amefunga leso kiunoni, na hakuja kwa salamu.

"Sista, nyinyi mnampa huyu msichana dawa za kulevya na ana mtoto tumboni. Mnaongeza badala ya kupunguza. Mtoto atazaliwa teja."

Namkaribisha kiti. Simkasirikii, anakipigania kizazi chake, na maneno hayo nimeyasikia hata kwa wahudumu wenzangu wa afya. Kabla sijasema lolote namuuliza mkaza mwana wake kama ananiruhusu kueleza. Anaitikia kwa kichwa.

Namwambia hivi. Mama, akiacha ghafla leo, mwili wake utaingia kwenye arosto, na mtoto ataingia naye. Mfuko wa uzazi unaweza kuanza kukaza kabla ya siku zake. Halafu wengi wanaoachishwa hivyo hurudi kwenye unga, tena wakati mwili umeshasahau kuustahimili. Heroini ya mtaani hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, imechanganywa na vitu asivyovijua hata muuzaji, na huja na sindano, njaa na kulala nje. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kipimo chake kinajulikana, na mama anapata kula, kulala na kwenda kliniki ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, linasema wazi kwamba mjamzito mwenye uraibu wa heroini ashauriwe kutumia methadoni au buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, badala ya kujaribu kuachishwa.

"Na huyo mtoto?"

Mtoto anaweza kutetemeka siku za mwanzo, kwa sababu dawa aliyoizoea kupitia kwa mama imekatika. Hilo linatibika, na linapita. Teja ni mtu anayeisaka dawa ingawa inamharibia maisha. Mtoto mchanga hasaki chochote ila ziwa. Tena ukubwa wa dozi ya mama hautuambii mtoto atatetemeka kiasi gani, kwa hiyo kumpunguzia mama ili kumwokoa mtoto ni kumtesa bure.

Bibi huyu ananyamaza muda mrefu. Mwishowe anauliza ni saa ngapi mkaza mwana wake anapaswa kunywa dozi, ili awe anamwamsha. Namtajia saa. Ningetamani kila mjamzito wetu awe na mtu wa kumwamsha.

Saa sita mchana

Mhudumu wetu wa mtaani anamleta msichana kutoka Mlango Kubwa, mimba ya kama miezi mitano, bado anajidunga. Mjamzito hawekwi kwenye orodha ya kungoja. Tunapima mkojo, VVU, kaswende, homa ya ini, tunauliza kuhusu kikohozi, na daktari anamwandikia dozi ya kwanza, miligramu 20.

Anaiona ndogo. Wote huiona ndogo. Lakini nguvu ya methadoni haifiki kilele mara moja, huchukua saa mbili hadi nne, na hutoka mwilini taratibu. Kama maji kwenye mtungi unaovuja kidogo kidogo, dozi ya leo inaikuta ya jana bado imo, na ya kesho itazikuta zote mbili. Ndiyo sababu majuma mawili ya kwanza ndiyo ya kuogopwa, na ndiyo sababu sikubali kushawishiwa na machozi, ingawa yananiuma. Anabaki kwenye benchi letu mpaka alasiri, nikimpitia kila mara kuangalia anavyopumua. Baba wa mtoto naye anatumia, kwa hiyo tunawaandikisha wote wawili. Kumtibu mmoja chini ya paa ambalo mwenzake anaendelea kudunga ni kazi ya kujichosha.

Saa saba

Chapati na madondo, kwa haraka.

Saa saba na nusu

Mama mmoja analalamika kwamba dawa yetu imetiwa maji. Naomba kitabu chake cha Mama na Mtoto, na jibu liko ndani: ameanzishiwa dawa za TB kwenye kituo kingine. Rifampisini iliyomo hulifanya ini kuichoma methadoni kwa kasi, na dozi iliyomtosha inageuka nusu. Baadhi ya dawa za zamani za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya hivyo pia, na baadhi ya zile za kifafa. Dawa ya TB haiachwi hata kidogo. Inayorekebishwa ni methadoni, na siku TB itakapokwisha lazima ishushwe tena. Napiga simu kwenye kituo chake. Hawakujua anakunywa methadoni, kwa sababu hakuwaambia, kwa sababu mara ya mwisho alipomwambia muuguzi wa mahali fulani alitukanwa mbele ya watu.

Hili linaniudhi kuliko yote. Sisi wahudumu tukimwaibisha mama, anaficha, na anapoficha anapewa dawa zinazogombana.

Saa tisa alasiri

Wodi ya wazazi. Mmoja wetu alijifungua juzi. Alienda na barua niliyomwandikia, ambayo kila mama wetu huipata mapema: kipimo chake cha methadoni, na kwamba hata siku ya uchungu dozi isikose, kwamba dozi hiyo haiondoi uchungu wa kuzaa, hivyo apewe dawa ya maumivu kama mwingine yeyote, kwamba asipewe pentazosini, mojawapo ya dawa za maumivu, kwa kuwa itamtupa kwenye arosto papo hapo, na kwamba mtoto akichelewa kupumua asaidiwe kwa hewa, asichomwe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya methadoni ghafla. Pia kwamba waangaliwe hospitalini siku nne hadi saba, maana dalili za mtoto zinaweza kuchelewa hata siku tatu.

Zimekuja leo. Mtoto wa kike anapiga chafya mfululizo, mikono inatetemeka, kilio chake ni chembamba na kikali. Mama analia pamoja naye na kurudia kwamba ni yeye aliyemfanyia hivi. Nazima taa iliyo juu yao, nafunga pazia, naomba majirani washushe sauti. Kisha tunamvua mtoto nguo na kumweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kumfunika kwa leso. Ananyonya kidogo, anaachia, ananyonya tena. Maziwa yana methadoni kidogo sana, na kunyonya kwenyewe hutuliza. Muuguzi wa zamu anaandika alama za dalili. Zikizidi, atapewa matone ya mofini na kupunguziwa polepole. Kwa sasa hazijafika huko.

Namwambia mama kwamba mtoto wake ana mama aliyekunywa dawa kila siku kwa miezi yote hiyo ili mimba isikatike. Nayaamini maneno hayo ninapoyasema.

Nagundua pia kwamba yeye mwenyewe anasinzia katikati ya sentensi. Dozi iliyopandishwa wakati wa mimba inaweza kumzidi baada ya kujifungua. Namwomba daktari aipitie leo leo, na tunakubaliana kwamba asilale na mtoto kifuani bila mtu macho kando yake.

Saa kumi na moja jioni

Simu kwa waliokosa. Mmoja amekosa siku tatu, alikuwa kwa mazishi Murang'a. Namwambia aje kesho mapema, lakini asitegemee dozi yake ya kawaida. Itaanza chini, kwa usalama wake. Mwingine, mwenye ruhusa ya kubeba dozi nyumbani, namkumbusha kuhusu kisanduku chenye kufuli. Funda moja linaweza kumuua mtoto wa miaka miwili.

Wa mwisho anataka kwenda kujifungulia kwa mama yake Malindi na kurudi baada ya arobaini. Alikuwa amepanga kusafiri Jumamosi usiku bila kutuambia. Malindi wana kliniki ya MAT, lakini hawawezi kumpa hata tone bila barua ya uhamisho yenye kipimo chake na tarehe ya dozi ya mwisho. Tunapanga upya: Jumamosi asubuhi anakunywa kwetu, barua naiandika kesho na kuituma, Jumapili asubuhi anakunywa kwao. Ananiuliza kama mama yake anaweza kumsindikiza mpaka dirishani. Anaweza, na aende na kitabu cha kliniki.