Uzi wa nailoni

Jana jioni nilikuwa nikipita Magomeni na mwanangu wa kwanza, na harufu ya supu ya pweza ikatupokea kabla hatujaifikia meza yenyewe. Aliagiza vikombe viwili. Alipoona changu kinapoa bila kuguswa, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, hivi hii supu inasaidia kweli?" Nilimjibu kwamba pweza ni kitoweo kizuri, tukahamia mazungumzo mengine. Usiku usingizi ulinipaa, kwa kuwa mwaka 2011 mimi mwenyewe nilikuwa nikiinywa karibu kila siku, kwa sababu ambayo sikuwahi kumweleza mtu.

Wakati huo nilikuwa na miaka mitano tangu nigunduliwe na kisukari, na miwili tangu nianze kushindwa tendo la ndoa. Nilikwishapita kwa wauza mizizi, nikalamba unga usio na jina, nikameza vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, ambavyo usiku mmoja viliufanya moyo unidunde hadi nikakaa kitako mpaka adhana ya alfajiri. Nyumbani nilihamia sebuleni, nikisingizia joto.

Siku ninayoikumbuka ni ya kliniki. Mke wangu alifuatana nami kwa sababu alikuwa ameona kidonda kwenye kidole changu cha mguu, kidonda ambacho mimi sikujua nilikipataje. Muuguzi, binti wa umri wa wanangu, aliniamkia, akanilaza kitandani, akatoa uzi mfupi wa nailoni uliochomekwa kwenye mpini, mgumu kama kipande cha mshipi wa kuvulia. "Fumba macho, baba. Kila nikikugusa unyayo, sema nasikia." Nikafumba. Mguso wa kwanza niliusikia, karibu na kisigino. Baada ya hapo sikusikia kitu, ila niliona aibu kunyamaza, basi nikawa nakadiria muda na kusema "nasikia", nikinyamaza kidogo na kusema tena "nasikia", huku feni ikilia juu yangu na khanga ya mke wangu ikichakarisha alipokuwa akijisogeza kwenye benchi. Kisha yule binti akasema kwa upole ambao hadi leo unanichoma: "Baba, hapo sijakugusa."

Nilipofumbua macho, daktari alikuwa amesimama miguuni pangu. Alieleza kwamba sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi huharibu neva na mishipa midogo ya damu, na kwamba neva za miguuni si peke yake zinazoumia, kwani hata zile zinazowezesha uume kusimama hupatwa na madhara hayo hayo. Akauliza: "Mzee wangu, wewe na mama mnaendeleaje nyumbani?"

Niliangalia kalenda ya ukutani. Mke wangu ndiye aliyejibu, akiwa amekamata pindo la khanga kwa mikono miwili: "Daktari, mwaka wa pili huu hajanigusa. Mimi nilijua amepata mtu." Hakulia. Alilisema kama jambo alilokwisha kulizoea, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba siri niliyodhani ni mzigo wangu mwenyewe, yeye ndiye aliyekuwa ameubeba, akijiona mwanamke aliyeachwa ndani ya nyumba yake.

Daktari hakukimbilia kuniandikia dawa. Alisema mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo pengine kasoro huonekana huko kabla kifua hakijauma. Akaagiza nipimwe moyo, presha na mafuta ya damu, na akapitia vidonge vyangu vya presha, kwa sababu baadhi yake huchangia tatizo. Mara tatu aliniuliza kama ninatumia dawa ya maumivu ya kifua ya moyo, ile ya kuweka chini ya ulimi, maana ikikutana na sildenafili, kidonge cha kusaidia uume kusimama, presha inaweza kushuka hadi mtu akafa. Ule unga alinikataza kabisa. Alisema baadhi ya dawa zinazoitwa za asili huchanganywa kwa siri na sildenafili hiyo hiyo, bila mnywaji kujua kipimo chake. Alinieleza pia kwamba kidonge hakifanyi kazi pasipo matamanio, na kwamba kwa wenye kisukari pengine hakisaidii vya kutosha, ingawa zipo njia nyingine.

Sukari ilichukua miezi kushuka. Kidonge kilinisaidia siku nyingine, siku nyingine hakikusaidia, na mpaka leo ndivyo kilivyo. Chumbani nilirudi usiku ule ule wa siku ya kliniki, tukaongea mpaka tukapitiwa na usingizi. Labda ningesema mapema, sehemu ya neva zangu ingepona. Labda zilikuwa zimekwisha kuharibika. Nyayo zangu hadi sasa hazisikii.

Asubuhi hii nilimsimulia mke wangu habari ya vikombe viwili. Mwanetu amenenepa tumboni, na alipolala hapa wiki iliyopita nilimsikia akiamka mara tatu kwenda haja ndogo, kila mara akipitia jikoni kunywa maji. Mke wangu aliweka chini kikombe cha chai, akanitazama kwa muda mrefu.

"Ulimuuliza hiyo supu anamuulizia nani?"

Sikuwa nimemuuliza.