Pale Mbwa Asipobweka

Watu wengi wanaoniuliza juu ya kazi hii hutaka kusikia habari ya mbwa aliyebweka na mtu akatolewa chini ya kifusi akiwa hai. Habari hizo zipo, lakini sehemu kubwa ya kazi ya mbwa wa uokoaji ni ukimya: mbwa hupita juu ya nyumba iliyoanguka, hunusa kila ufa, kisha hurudi bila kutoa sauti, na mimi ndiye ninayepaswa kuwaeleza ndugu waliosimama pembeni maana yake. Tangu nirudi kutoka Uturuki sijaacha kuufikiria ukimya huo, na leo nimeona niuandike.

Tetemeko la kwanza lilipiga tarehe 6 Februari 2023, saa 10:17 alfajiri, likiwa na ukubwa wa 7.8, na mchana wa siku hiyohiyo likafuata jingine la 7.5. Kikosi chetu cha kujitolea kiliondoka Ujerumani, ninakoishi, kikashukia Adana, kwa kuwa njia ya kurukia ndege katika uwanja wa Hatay ilikuwa imepasuka. Tulipoingia Antakya, mji mkuu wa mkoa huo wa Hatay, majirani walikuwa wamekwisha kuwatoa watu wengi kwa mikono, kwa sururu na kwa jeki za magari. Mwokoaji wa kwanza siku zote ni jirani, na sisi tunaotoka mbali huachiwa majengo ambayo mikono mitupu imeshindwa, yale ambayo sakafu zake zimelaliana bila kuacha nafasi ya kupenyeza hata mkono.

Mbwa wangu, Nyota, hafanyi kazi hiyo akiwa amevaa kitu chochote. Ukanda wa shingoni ungeweza kunasa kwenye nondo, na viatu vingemnyima uwezo wa kushika vipande vya zege kwa kucha zake. Hatafuti nguo wala harufu ya mtu fulani. Amefundishwa kutafuta harufu ya binadamu yeyote aliye hai na asiyeonekana, na akiipata hubweka mahali inapotokea kwa nguvu. Mahali hapo si lazima pawe juu ya mtu mwenyewe, kwa maana hewa hupita inakopata upenyo na inaweza kutokea mbali kabisa na alipolala. Mbwa mmoja akibweka, huletwa wa pili ambaye hakumwona mwenzake akifanya kazi, na wote wawili wakikubaliana ndipo vifaa vya kusikiliza na kamera huteremshwa na uchimbaji huanza. Baada ya muda mfupi mbwa huchoka pua, hivyo hupumzishwa, na wakati mwingine mmoja wetu hujificha ili mbwa ampate na kufurahi, asije akakata tamaa kwa kutafuta bila kupata.

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama alipopata habari kwamba nimejiunga na kikosi, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, na sala zako?" Nilimweleza kwamba nina nguo za kazi na nguo za sala, na kwamba Qur'ani yenyewe, katika Suratul Maida, inaruhusu mawindo ya wanyama waliofundishwa. Aliridhika kuliko nilivyotarajia. Kule Antakya nilikuwa na hofu kwamba watu wangejitenga na Nyota, lakini walimpisha njia kwa heshima, wakamletea maji, na mahali pengine mtaa mzima ulizima mashine na kunyamaza ili apate kufanya kazi yake.

Katika jengo moja mzee mmoja alikuwa akimngoja binti yake. Nyota alipita, akarudi kimya. Mbwa wa pili naye akarudi kimya. Mzee aliniuliza kupitia mkalimani kama mbwa wangu alikuwa amechoka. Lilikuwa swali la haki, kwa sababu mbwa huchoka, na zaidi ya hapo, zege lililoshikamana na baridi kali ya usiku vinaweza kuizuia harufu isitoke kabisa. Ukimya wa mbwa si ushahidi wa kifo. Hata hivyo tunaondoka, kwa sababu katika mtaa unaofuata huenda kuna mtu ambaye harufu yake inatoka, na saa zinakwisha. Sikumwambia kwamba binti yake hayupo hai, maana sikulijua hilo. Nilimwambia kwamba mbwa wawili hawakupata harufu, na kwamba tunakwenda kwingine. Aliitikia kwa kichwa, akabaki palepale. Naamini hatuna haki ya kuwapa watu hao tumaini wala msiba ambao mbwa hakuuthibitisha, ingawa kusema hivyo kunauma kuliko kusema neno moja la kukata.

Mbwa nao hulipa. Proteo, mbwa wa jeshi la Mexico, alifia kazini huko Adıyaman, mji mwingine wa Uturuki ulioharibiwa na tetemeko, mwezi huohuo, na kikosi chake kiliendelea kutafuta bila yeye.

Mwaka 1998, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, vikosi vilivyokuja na mbwa vilitoka Israel na Marekani, na waliokuwa chini ya Ufundi House, jengo la jirani lililoanguka, iliwalazimu kuvingoja. Ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, walioanza kuchimba walikuwa watu wa mtaani. Mbwa anayesafirishwa kutoka bara jingine huchelewa hata akiwa hodari namna gani, na kwa mtu aliyebanwa chini ya zege kuchelewa huko ndiko kila kitu. Kwa hiyo nimeanza kuandika pendekezo la kufundisha mbwa wachache nyumbani, kazi inayochukua takriban miaka miwili kwa kila mbwa pamoja na mwongozaji wake. Mjomba, aliyestaafu kazi ya zimamoto, ameniambia kwamba jambo la kwanza nitakaloulizwa ni nani atamlisha mbwa huyo na kwa fungu lipi, hivyo ukurasa ninaouandika sasa unahusu chakula, chanjo na banda.