Homa Iliyorudi Mara ya Tatu

Nilipokuwa tabibu kijana katika kituo cha afya cha kijijini mkoani Dodoma, aliletwa mama mjamzito ambaye homa ilikuwa imempanda kwa mara ya tatu. Mama mkwe wake alinieleza kwamba mara mbili za mwanzo alipewa dawa ya malaria, akapata nafuu, kisha baada ya siku kadhaa homa ikamrudia pamoja na maumivu makali ya kichwa na viungo. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilishuku homa ya papasi, yaani homa inayorudi-rudi inayoenezwa na kupe wa aina hiyo, lakini nilitaka kuiona damu yenyewe kabla ya kuandika dawa.

Mtaalamu wa maabara alitandaza tone nene la damu kwenye kioo, akalitia rangi ya Giemsa, kisha akaniita kwenye hadubini. Kando ya chembe nyeupe palikuwa na nyuzi nyembamba za zambarau, zilizojipindapinda: bakteria wa borelia wanaoenezwa na papasi, jamii iliyopewa jina la Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki Kongo mwaka 1905 alipokuwa akiuchunguza ugonjwa huo huo.

"Mama, mkweo analala wapi?" nilimwuliza yule mama mkwe.

"Chini, daktari, juu ya ngozi. Nyumba yetu ni tembe ya udongo."

Papasi, tofauti na kupe wa ng'ombe anayeng'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa, hutoka nyufani usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, ndiyo maana wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa na chochote.

Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, haikumfaa kwa sababu ya mimba, hivyo nilimwandikia nyingine, erithromaisini. Sikumruhusu kurudi nyumbani, kwani dozi ya kwanza inapoua bakteria wengi kwa pamoja, homa huweza kupanda ghafla, nao ugonjwa wenyewe huharibu mimba. Saa chache baadaye alianza kutetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Muuguzi alimtundikia dripu, nami nikawa nampima shinikizo la damu na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, mpaka alfajiri jasho lilipomtoka na homa ikashuka. Mtoto alikuwa salama.

Kumtibu mgonjwa wa papasi na kuiacha nyumba yake ilivyo ni kumrudisha kwenye ugonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kumruhusu, nilizungumza na mkwewe kuhusu kitanda cha kuinuka, kuziba nyufa za kuta na sakafu, na kupulizia dawa ya wadudu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mwanawe mdogo, anayelala katika tembe hiyo hiyo, naye alikuwa na homa ya kwenda na kurudi. Alimleta kesho yake, na kioo chake kilionyesha nyuzi zile zile.