Boti ya Kagunga, Wakati wa Mbalamwezi

Kwa shangazi yangu, Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, mtu haendi kwa kuangalia kalenda, anaangalia mwezi. Wanawe wanne ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mpevu taa hazivuti kitu, basi mitumbwi hupandishwa mchangani na wanaume hulala majumbani mwao. Mara mbili nilikwenda wakati wa giza: mchana nikawakuta wamelala, jioni hao, wameingia ziwani. Safari hii nilihesabu siku vizuri. Nikamchukua binti yangu wa miaka saba, ambaye shangazi alikuwa hajamtia machoni tangu azaliwe, tukashuka mwaloni Kibirizi.

Kutoka Kigoma mjini mpaka Kibirizi si mbali, bodaboda inakufikisha mara moja. Kazi ni kusubiri boti ijae. Zetu ni za mbao, ndefu, injini imebandikwa nyuma. Yakapakiwa magunia ya unga, masanduku ya soda, magodoro mawili, mabati na mbuzi. Baharia akamweka binti yangu begani ili asilowe, akamkalisha juu ya gunia na kumfunga jaketi okozi mpaka kidevuni. Saa saba mchana tukaondoka.

Boti hizi haziendi katikati ya ziwa. Zinafuata ufukwe, kijiji kwa kijiji, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Upande wa kulia milima inateremka hadi majini bila kupumzika. Karibu na mawe maji ni ya kijani, unaona mpaka changarawe. Ukisogea kidogo yanageuka buluu nzito, na hapo unakumbuka kwamba Tanganyika ina kina cha mita 1,470 huko ndani. Kila kijiji boti inagusa mchanga kwa pua, mtu anashuka, anapokea ndoo yake, anaulizwa habari za mgonjwa, tunarudi nyuma, tunaendelea. Mtanga tulikaa karibu nusu saa kwa ajili ya mabati na hakuna aliyenung'unika. Mama aliyekaa karibu yangu alifungua kikapu, akatugawia muhogo wa kuchemsha, kisha akaniuliza mimi ni wa nani huko niendako. Nilipomtaja shangazi, akampakata mtoto. Hakumwachia mpaka aliposhuka Mwamgongo.

Kabla ya Mwamgongo tulipita Gombe, hifadhi ya sokwe. Nyumba zinakatika ghafla, msitu unashika mpaka ufukweni. Binti yangu alitaka sokwe, tukaona nyani wakitembea mchangani. Nikamweleza kwamba Julai 1960 msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, alifika hapa kwa boti pamoja na mama yake, akakaa kuwatazama sokwe kwa subira hata akawaona wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa kichuguuni.

"Kumbe alikuja na mama yake," akasema. Katika yote niliyomweleza alishika hilo.

Tulifika Kagunga jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Shangazi hakungoja tushuke. Aliingia majini na kanga yake mpaka magotini, akanyosha mikono, akaita, "Mama yangu! Mama yangu umekuja!" Binti yangu amepewa jina la marehemu bibi, mama yake shangazi, kwa hiyo kwake huyu si mjukuu. Alilia waziwazi, nami nikalia.

Mchanga ule tuliokanyaga una habari zake. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko kwao walijaa hapo maelfu kwa maelfu, pa kulala hapakuwapo, kipindupindu kikaingia. Shangazi alitoa masufuria yake yote. Meli ya Liemba ndiyo iliyokuja kuwachukua kuwapeleka Kigoma, nayo ikabidi isimame mbali, watu wapelekwe kwa mitumbwi. Liemba iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924! Shangazi huitaja kama mtu anavyomtaja mzee wa ukoo aliyewahi kumsaidia.

Usiku tulitandikiwa mikeka nje. Ugali wa muhogo, migebuka iliyopikwa kwa mawese mapya, mekundu, yenye harufu ile ambayo mjini siipati. Binamu zangu wote wanne walikuwepo, na wake zao, na watoto ambao majina yao nilikuwa bado nayachanganya. Mbalamwezi ilikuwa kali hata miiba ya samaki tuliiona bila taa.

Binti yangu alikuwa anatazama ziwani. Nyumbani Kigoma, siku za giza, huwa namwonyesha taa za wavuvi zilivyotanda, naye huamini kuna mji mkubwa kule majini. Usiku huo hapakuwa na taa hata moja.

"Bibi, ule mji uko wapi?"

Shangazi akamgeuza kichwa taratibu, akamwelekeza kwa wanawe waliozunguka sinia. "Si huu hapa, mama. Unakula."