Nilivyojifungulia jalada: mazoezi ya askari polisi wa zamu, mwaka mzima

Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ncha ya kalamu juu ya ugoko wangu wa kushoto. "Hapa, afande. Unauona ufa, kama unywele? Mfupa umechoka." Nikamwambia mfupa hauchoki, anayechoka ni mtu. Akacheka, akaandika wiki nane bila kukimbia. Nikatoka pale na magongo, na kozi ya cheo niliyoisubiri miaka mitatu ikaenda bila mimi. Ilikuwa Julai 2019.

Sikuwa na wa kumlaumu. Taarifa ya kozi ilitoka zikiwa zimebaki wiki tano, na mimi, ambaye kwa miezi kadhaa zoezi langu kubwa lilikuwa kupanda na kushuka difenda, nikaanza kukimbia kilomita nane kila alfajiri, kwenye lami, buti mguuni. Wiki ya kwanza nilijiona bado kijana. Ya pili ugoko ukawa unauma nikianza, nikipata joto unatulia. Ya tatu haukutulia. Nikafunga bendeji, nikaendelea, kwa sababu niliwaza kwamba askari akianza kulalamikia mguu watu watasema anakwepa.

Mguu ukiwa juu ya stuli mtu anapata muda wa kufikiri. Kazi yetu sisi ni kuandika. Kituoni jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea. Basi nikachukua kaunta buku ya mwanangu iliyobaki kurasa, nikaandika juu kabisa: Mtuhumiwa, halafu jina langu na namba yangu. Nikajifungulia jalada. Nikaanza kujihoji kama ninavyowahoji wengine: Januari ulikuwa wapi? Februari je? Nani alikuona ukifanya mazoezi?

Majibu yalikuwa ya aibu. Januari nilianza, kama kila mtu. Februari joto la Tanga likanishinda. Machi na Aprili, mvua. Mei, Ramadhani. Baada ya Idi, zamu za usiku mfululizo maana mwenzangu alikuwa likizo. Kila sababu ukiitazama peke yake ni ya kweli kabisa. Ukizipanga kwa foleni zinajaza mwaka.

Ila kilichonitia hatiani hasa kilikuwa kitu kingine. Kila mara nilipojipangia ratiba, niliipanga kwa ajili ya wiki nzuri: zamu ya mchana, mshahara umeingia, mvua hakuna, mtoto haumwi, hakuna kiongozi anayekuja mkoani. Kwa polisi wiki ya namna hiyo inakuja mara tatu kwa mwaka, nne ukiwa na bahati. Nina rafiki yuko jeshini, kikosi chao kiko kambini; saa kumi na moja alfajiri wote wako barabarani, anayetaka na asiyetaka. Sisi wa vituoni saa hiyo mmoja anaingia, mwingine anatoka, wa tatu anapiga pasi sare kwa sababu anakwenda mahakamani kutoa ushahidi. Hakuna filimbi ya kutuamsha pamoja. Ukitaka mwili wa kazi, lazima uutengeneze kwenye ratiba iliyovurugika, ndivyo ilivyo.

Nikaanza upya, safari hii nikipangia wiki mbaya. Nikajiuliza, katika wiki mbaya kuliko zote naweza kufanya nini bila kushindwa? Nikakiita kima cha chini, na askari wenzangu walielewa utani bila maelezo. Kunyanyua na kubeba kitu kizito mara mbili kwa wiki. Kukimbia polepole, au kutembea haraka ikibidi, mara mbili. Kila kimoja dakika 30. Wiki ikiwa nzuri naongeza. Ikiwa mbaya nafanya hicho tu, na sina deni. Hilo la deni ndilo lililonichukua muda kulikubali. Zamani nikikosa siku mbili nililipa kwa kufanya mara tatu Jumamosi, na Jumapili nashindwa kuinama kufunga viatu.

Vifaa nilitengeneza hapo kota. Zege lina kilo 2.4 hivi kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 10 inafika 24. Bomba la chuma katikati, unamimina upande mmoja, unasubiri likauke, unamimina wa pili. Kiroba cha mchanga kilo 40, nikakishona mara mbili kwa uzi wa nailoni baada ya kile cha kwanza kunipasukia kichwani mbele ya watoto wa kota nzima. Tawi la mwembe la kujivutia. Na madumu.

Madumu ndiyo gym yangu ya kweli. Maji kwetu tunachota bomba la chini, mita kama 80 kutoka mlangoni, na kuna kijimlima. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Moja kila mkono, kilo 40. Usiyabebe kama mtu anayewahi foleni. Simama wima, mabega nyuma, hatua fupi, usiyaache yayumbe. Mita 50 za mwanzo unajisifu. Baadaye ule mkono wa plastiki unaanza kuingia kwenye vidole, pale kwenye kiungo cha pili, na unagundua mgongo na miguu bado vinataka kwenda ila vidole vinataka kufunguka. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama mke wangu amenifukuza kazi ya kukaa. Miezi sita baadaye na yeye alikuwa bombani na madumu mawili, anadai ni maji tu.

Kukimbia nilirudi kwa adabu. Daktari alinieleza jambo ambalo depo, kwenye mafunzo ya ukuruta, hatukuelezwa, au tulielezwa nikiwa nimesinzia: pumzi inarudi ndani ya wiki chache, misuli nayo haichelewi sana, lakini mfupa na kano vinadai miezi. Ndiyo maana wiki ya tatu unajisikia simba huku ndani ugoko unapasuka. Pumzi inakudanganya kwamba uko tayari. Kwa hiyo nilianza na dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwenye udongo na si lami, na raba. Buti tangu siku hiyo navaa kutembelea tu, nikiwa na begi mgongoni, kilo 8 kwanza, sasa 15, mara moja kila wiki mbili. Kukimbia na buti kila siku ili "kuzoea" ni kujitafutia magongo.

Mwendo je? Hapa nikakumbuka mchakamchaka. Miaka yote niliuona kama kelele za kuruta. Lakini fikiria: mmoja anaimbisha, wengine mnaitikia, mnakimbia kwa hatua moja. Huwezi kuitikia ukiwa unahema kama mbwa. Kwa hiyo wimbo wenyewe unawazuia msikimbie zaidi ya pumzi zenu, mnakaa pale ambapo moyo unajengeka bila kuchakaa. Sijui kama waliouanzisha waliliwaza hilo, ila mimi sasa nikikimbia peke yangu kule Raskazone, pembeni ya bahari, naimba kwa sauti ya chini. Nikishindwa kumaliza kibwagizo, napunguza. Wapita njia wananiona nimechanganyikiwa. Mara moja tu kwa wiki, wiki nzuri, ndipo nakimbia kwa kasi isiyoruhusu wimbo: sekunde 30 mbio, dakika mbili kutembea, mara sita. Mwizi naye hakimbii kwa kibwagizo.

Joto nilikuwa na ugomvi nalo wa muda mrefu. Kazi niliianzia Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Juni unaamka nyasi zina barafu. Nilipohamishiwa Tanga nilidhani kwa kushuka kutoka milimani nitakimbia kama upepo. Siku ya tatu nilikaa chini ya mnazi natapika. Hewa ya kupumua ilikuwepo tele, ila jasho lilikuwa halikauki, na jasho lisipokauka halikupozi. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kujifunza kutoka jasho mapema na jingi zaidi, na katika siku hizo kasi lazima ishuke. Kwa hiyo Januari mpaka Machi nakimbia alfajiri kabla jua halijatoka, nafupisha, na naacha kujilinganisha na Julai. Asubuhi naangalia mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, siku hiyo ni maji na kutembea.

Zamu ya usiku ina sheria yake moja, nayo ni kulala kwanza. Niliwahi kujaribu kutoka lindo saa kumi na mbili asubuhi na kwenda moja kwa moja kwenye vyuma, kwa sababu koplo mmoja alikuwa akifanya hivyo na akionekana shujaa. Siku ya nne nilisinzia nimesimama, ndoo ya zege ikatua sentimita chache kutoka kidoleni. Sasa nalala, naamka, nanyanyua saa kumi alasiri kabla ya kuingia. Uzito ni uleule, ila badala ya raundi nne nafanya mbili. Lindoni nimeacha chipsi mayai ya saa nane usiku, nabeba mayai ya kuchemsha na karanga. Kahawa na kashata sijaacha, na sina mpango huo.

Ramadhani ndiyo iliyonifundisha zaidi. Husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kati ya 2023 na 2025 ilianzia Machi, kwenye joto lenyewe. Nilitegemea kupoteza kila kitu. Nikapunguza: kutembea tu dakika 30 kabla ya magharibi, ili futari iwe karibu, na vyuma mara mbili kwa wiki baada ya tarawehe, raundi mbili, uzito sikuugusa. Baada ya Idi nikafungua jalada, nikajipima. Nguvu ilikuwa palepale. Pumzi ilishuka kidogo, ikarudi ndani ya wiki tatu. Nguvu kuijenga ni gharama, kuilinda ni bei nafuu, alimradi usipunguze uzito wenyewe. Laiti ningelijua hilo nikiwa na miaka 25. Miezi mingapi niliacha kabisa kwa kuwa sikuweza kufanya yote!

Kujipima natumia kipimo alichokitoa Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968: unakimbia dakika 12, unapima umefika wapi. Hakihitaji chochote zaidi ya saa na barabara iliyopimwa. Nafanya kila baada ya miezi mitatu, kozi iwepo isiwepo. Mara ya kwanza baada ya mguu kupona nilipata mita 1,900. Mwaka uliofuata 2,350. Sasa nina miaka 41 na nazunguka kati ya 2,450 na 2,550, Januari na Julai. Rekodi hiyo si ya kumtisha mtu. Ninachojivunia ni kwamba tofauti kati ya mwezi wangu mzuri na mbaya imebaki mita 100. Kozi ya cheo ilipokuja tena nilipewa taarifa ya wiki mbili. Sikubadilisha kitu.

Usiku mmoja wa Aprili, masika imekolea, tuliitwa barabara ya kwenda Segera. Gari dogo la abiria lilikuwa limeacha njia na kuangukia korongoni. Tulipofika wananchi walishawatoa wengi. Chini alibaki mzee mmoja mwenye mwili mkubwa, paja limevunjika. Tukamfunga mguu kwa ubao na kanga mbili, tukamlaza juu ya kiti kirefu kilichong'oka ndani ya gari, tukakibeba watu wanne. Mpaka barabarani ni mita 60 hivi, mlima, tope linaloteleza kama mlenda. Mzee alikuwa na fahamu. Njia nzima alituomba radhi kwa uzito wake. "Nisameheni wanangu, nisameheni." Tukamwambia tulia baba, unakaribia kufika.

Miguu haikunisumbua. Kilichotaka kuachia ni vidole. Ukingo wa chuma cha kile kiti ulikuwa umeingia palepale, kiungo cha pili, na yale maumivu nikayatambua mara moja: ni ya dumu. Konstebo aliyekuwa mbele yangu, kijana wa jimu, mikono minene kuliko paja langu, aliomba tushushe mara mbili. Simcheki. Hajawahi kuchota maji bomba letu.

Nilifika nyumbani kunakucha. Nikafungua kaunta buku, nikaandika tarehe, halafu: Kubeba. Mzee mmoja, kilo 90 hivi, watu wanne, mita 60, mlima, tope. Nikafuta vyuma vya siku ile. Nikawa navua buti pale kibarazani, mke wangu akachungulia.

"Baba, na maji?"

Madumu matano yalikuwa yamepangwa mlangoni, matupu. Nikachukua moja tu, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa haufungi.