Makala zangu 11 zilizokuwa na wenyewe wawili

Nilipoomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, kamati ilitaka nijaze kipimo changu cha h, namba inayoonyesha makala za mtafiti zinanukuliwa kiasi gani na watafiti wengine. Nikafungua kompyuta, nikakuta 4. Nilihisi baridi. Miaka tisa nimechunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa, makala 11 zimetoka, leo naambiwa nne?

Kumbe shida ilikuwa jina. Kwetu mtu hubeba jina lake, la baba na la babu. Makala za mwanzo nilisaini kwa jina la baba. Baadaye nilishirikiana na wenzangu wa Uswidi, wao wakafuata pasipoti, ambamo jina la ukoo ni la babu. Mashine ikahesabu watafiti wawili.

Kipimo hiki kilitolewa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unashuka hadi nafasi ya makala inapozidi nukuu zake; nafasi ya mwisho kabla ya hapo ndiyo h yako. Nilizipanga zangu kwenye karatasi: 64, 41, 30, 19, 12, 9, 6, 6, 4, 2, 0. Ya sita ina 9, inapita. Ya saba ina 6, inakwama. Basi mimi ni 6. Lakini jina la baba lilikuwa limeshika 41, 19, 9, 6 na 4; la babu 64, 30, 12, 6, 2 na 0. Kila upande ukatoa 4.

Nilianza na ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anapewa bure na inamfuata hata jina likibadilika. Kisha nikawaandikia Scopus, hifadhidata inayohesabu makala na nukuu, waunganishe wasifu wangu wote wawili, nikaambatanisha orodha ya makala zangu. Wasifu wangu kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, niliurekebisha mwenyewe jioni moja.

Hapo ndipo nilipokuta makala ya mahindi. Ni ya mtu tunayeshabihiana jina, ina nukuu zaidi ya 100, na mashine ilishaniwekea. Nikiiacha, nafika 7. Niliitazama kwa muda, maana fomu ilikuwa mezani na hakuna ambaye angeuliza. Nikaifuta. Jasho la mtu mwingine haliwezi kunipandisha mimi cheo.

Hesabu hizi zina haraka kuliko ubongo wenyewe. Dakt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianza kutibu wagonjwa wa kifafa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia, akawaandika. Miongo ilipita kabla ulimwengu haujaushughulikia ugonjwa huo kwa uzito, ulipojitokeza Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Ukimpima mtu kama huyo katika mwaka wake wa tano wa utafiti, utaandika nini?

Scopus walinijibu, wasifu ukawa mmoja, nikajaza 6. Ile makala yenye 0 sikuificha. Inahusu mahojiano na akina mama wanaolea watoto wenye kifafa. Pembeni yake, kwenye fomu ya kamati, niliongeza mstari mmoja: kwa sababu ya makala hii, kliniki yetu sasa humuuliza mama kwanza mtoto analala wapi usiku na nani yuko karibu na moto wa jikoni, ndipo tuulize idadi ya degedege.